Kilichopumua Ndani ya Seva

Nilifika kwenye ofisi ile ya mtaa wa Rohero magharibi ikiadhiniwa. Kazi ilikuwa rahisi: kuunganisha seva mpya ya Linux na kompyuta zao za Windows, ili wote wafungue mafaili yaleyale. Dada Zubeda, mtoto wa mama yangu mdogo, ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Yeye ni sekretari pale.

Wenzake walishaondoka. Zubeda alisimama mlangoni. Hakutaka kukaa.

Nikawasha seva. Skrini nyeusi, maandishi meupe. Sikuwa nimeipa jina bado. Nikachomeka waya wa mtandao, nikageukia kompyuta ya jirani nitazame kama imeiona.

Imeiona, tena na jina.

RANIA BINTI SHEIKHA.

Jina langu na la mama yangu... kama mganga anavyomwita mtu anayetaka kumfunga. Nikatazama kompyuta nyingine. Jina lilelile. Kisha ikanijia harufu ya kafuri, ile anayopakwa maiti.

Ndani ya seva kitu kilikuwa kinapumua. Nikajiambia ni feni.

Feni haimezi mate.

Nikachomoa umeme, nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Nikafungua. Nywele.

Zangu.

Jumamosi iliyotangulia Zubeda alinisuka kwake, mtaa wa Nyakabiga, akanikataza kufagia. "Acha, mudogo wangu, mi nitafagia."

"Dada," nilinong'ona, "we ulifanya nini?"

"Patron, bosi wetu, alisema ile mashine inataka mutu. Mi ao ndugu yangu." Alikuwa analia. "Mi niko na watoto, Rania."

"Na mi niko nani kwako?"

Alisogea tu, nipite.

Nilitoka mbio na kile kitambaa. Kwenye skrini za zile kompyuta jina halikufutika. Na seva, bila umeme, ilikuwa bado inapumua...

Nyumbani mama alisoma Yasini, tukakichoma kile kitambaa. Nikadhani yamekwisha.

Jana Elvire, mhasibu wa pale, alinipigia.

"Rania, seva inatembea muzuri, mafaili yote yanafunguka, asante. Lakini mbona hutusalimiaka? Kila asubuhi tunakukuta umekaa kando yake, unaangalia ukuta."

Sijakanyaga Rohero tangu siku ile.

"Elvire... nani aliwaambia ni mimi?"

"Eh! Si Zubeda? Yeye ndiye anakuleteaka chai."