Mumiani Aliyebisha Hodi

Bi Mosi Semboja alifungua kitabu, akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, na ukutani mvua ikaanza kunyesha. Ilikuwa mvua ya Ngamiani hasa, ya Tanga ya zamani, inayopiga mabati na kuteremka na udongo mwekundu. Mhandisi Shekilindi, aliyeutumikia mtambo ule miaka tisa, alijikuta anarudisha miguu nyuma asilowe.

"Lahaula! Mama, yote haya yamo kichwani mwako?"

"Bado hujaona kitu, mwanangu. Ngoja afike mwenyewe."

Mtambo uliitwa Msawiri. Msomaji alivikwa kilemba-fahamu, kitambaa chepesi kilichofumwa kwa nyuzi za kunasa mapigo ya ubongo, kisha akasoma kama asomavyo nyumbani. Alichokiona akilini, Msawiri ulikichora kwenye ukuta wa nuru, pamoja na sauti zake. Hakukuwa na waigizaji wala kamera. Kwa mara ya kwanza tangu binadamu ajue kusoma, watu waliweza kukaa na kutazama kilichomo kichwani mwa mwenzao. Nani asingestaajabu?

Kitabu kilichochaguliwa kuuzindua kilikuwa Hodi ya Tatu, riwaya ya mumiani iliyopendwa Tanga nzima kwa vizazi viwili. Mumiani wa kitabu kile hana meno marefu. Ni mtu mpole, kanzu imenyooka kwa pasi, anasimama mlangoni na kubisha hodi mara tatu. Usipomwitikia, anaondoka zake. Ukimwambia karibu, damu ya nyumba nzima ni yake. Watu wanaangamia kwa adabu yao wenyewe, na huo ndio utamu wa kitabu.

Sasa ile filamu ya kwanza waliyoitoa kwenye kitabu hicho, jamani! Aibu tupu. Walimpa mumiani mabawa na kifua wazi, wakamfanya avunje milango kwa teke. Kwa teke! Mtu aliyelelewa akalelewa! Bi Mosi alitoka ukumbini dakika ya kumi, akasonya mpaka barabarani, wala hakuitazama tena. Msonyo ule ndio uliomleta kwenye kiti cha Msawiri. Shekilindi alikuwa amewapima wasomaji mia tatu, na kila aliyevaa kilemba alileta mabawa. Filamu mbovu ilikwisha kufuta walichokuwa nacho, na kichwa cha Bi Mosi peke yake kilikuwa safi.

Siku ya tatu Shekilindi aliuzima mtambo, akavuta kiti karibu.

"Mama, kabla hatujaendelea kuna jambo lazima nikwambie. Ili picha itulie, Msawiri utakupitisha njia ileile mara sitini. Ubongo ukizoea njia moja, nyingine zinaota majani. Baada ya hapo, ukifungua kitabu hiki utaona filamu hii yetu tu. Namna moja, maisha yako yote."

"Na sauti?"

"Na sauti pia."

Shekilindi alikuwa ameshaisikia sauti iliyosimulia: ya msichana, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kibondei, kama ya mtu anayekunong'oneza siri. Alidhani ni ya kubuni.

"Yule ni dada yangu, Chausiku," Bi Mosi alisema. "Alinisomea kitabu hiki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Hakurekodiwa popote. Yumo humu tu, na kila nikisoma anakuja vingine."

"Basi tuache, mama. Nitatafuta msomaji mwingine."

"Utampata wapi, na wote wana mabawa?" Alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Naogopa, sikufichi. Lakini nina miaka sabini na minne. Nikienda mimi, naye ndio anakwenda, na hakuna mwingine aliyebaki anayemjua. Washa."

Filamu ilioneshwa Jumamosi alasiri mbele ya watu mia nane, na wengi walikuja wamejiandaa kuzomea. Mumiani akatokea. Alikuwa mfupi, safi, viatu kavishika mkononi asichafue baraza la watu.

"Hodi."

Waliokuja kuzomea wakainama mbele vitini.

"Hodi."

Mwanamke mmoja safu ya mbele akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Hodi, wenyewe?"

Na ukumbi mzima, watu wazima na akili zao timamu, wakaitika kwa pamoja: "Karibu!"

Ndipo wakajisikia. Lo! Zilipigwa kelele hizo, zikafuata vicheko vya hofu, na mzee mmoja akaapa mbele ya mkewe kwamba ulimi ulikwenda wenyewe. Walikisoma kitabu kile tangu utotoni, walijua fika kitakachotokea, na bado hodi ya mstaarabu iliwashinda. Shekilindi alilia bila haya. Filamu ilipokwisha watu walisimama wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma.

Jumatatu Shekilindi alikwenda kumjulia hali Bi Mosi. Alimkuta sebuleni kwake, kitabu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Nimekuja kuulizia ile sauti."

"Ipo. Imekuwa moja, kama ulivyosema." Alifunga kitabu. "Chausiku alikuwa anakohoa, unajua? Kifua kilimsumbua. Kila kurasa mbili anasimama, anakohoa, ananiuliza tulifika wapi. Sasa hakohoi. Tangu jana nakitafuta kile kikohozi, sikipati."

"Nisamehe, mama. Msawiri unaondoa kelele. Mimi ndiye niliyeufundisha hivyo."

"Inauma, wala sikudanganyi." Alijifuta kwa ncha ya khanga. "Lakini nisikilize. Alifariki tukiwa sura ya kumi na nne, na kitabu kina sura ishirini. Hizo sita nimezisoma miaka sitini na mitatu kwa sauti yangu mwenyewe, kwa sababu yeye hakuzifikia."

"Mtambo ukiishika sauti ya msimulizi, huendelea nayo hadi tamati," Shekilindi alisema taratibu. "Sikujua kwamba…"

"Ungejulia wapi?" Bi Mosi alimshika mkono akaubana kwa nguvu, machozi yanamtoka na anacheka. "Jumamosi nimekaa pale, nimemsikiliza mpaka neno la mwisho. Dada yangu amemaliza kitabu, mwanangu. Amekimaliza."