Gome la Pande Zote

Mama alikuwa akikohoa damu tangu Jumapili, na kopo la magome ya dawa yake lilikuwa tupu. Shangazi, anayeuza dawa za miti sokoni, alinipa panga na kikapu jua likizama, nikabandue mengine kwenye ule mti wa msituni.

"Upande mmoja tu," akasema. "Kipande cha kiganja, kisha uzibe kidonda kwa udongo. Usizungushe."

Wimbo huo nimeusikia tangu utotoni: mti ule una mwenyewe, na ukimvua nguo zote naye atakuvua. Nilikuwa naucheka. Shangazi mwenyewe huogopa hata mjusi.

Lakini nilipofika msituni, maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kiganja kimoja kingemtosha mama mpaka lini? Nilibandua upande wa kwanza, nikabandua wa pili, nikazunguka mti mzima. Kikapu kikajaa. Nikakifunga.

Kwaa... kwaa...

Sauti ya kubandua iliendelea.

Panga nilikuwa nimelishika mwenyewe, limetulia. Sauti ilitoka upande wa pili wa shina, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Kisha ikaja harufu ya mafuta anayojipaka mama kabla ya kulala.

"Sasa tumelingana," kitu kikanong'ona.

Nilikimbia. Udongo sikuupaka.

Shangazi alichemsha gome, mama akanywa. Asubuhi kikohozi kilikuwa kimekatika na mama akaomba uji. Nilifurahi mno, nikajiambia kuwa mambo ya msituni yalikuwa woga tu. Ndipo shangazi, aliyekuwa akimwogesha mama, akaniita chumbani.

Kiunoni mwa mama, mzunguko mzima, ngozi haikuwepo. Upana wa kiganja. Pamekauka, hapatoi damu wala hapaumi.

"Ulizungusha?"

"Hapana, shangazi."

Alimfunika mama, akachukua ndoo, akaniambia nitangulie.

Msituni tulikanda udongo, tukaupaka kwenye shina kwa mikono yote minne. Ulidondoka. Tukapaka tena, ukadondoka tena, mkavu kama majivu. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa sauti, mimi niliyekuwa nacheka. Juu yetu majani yalikuwa mabichi kabisa.

"Yasikudanganye," shangazi akasema. "Mti uliozungushwa hufa chini kwanza. Chakula hakishuki tena kwenye mizizi." Akakaa chini. "Hili sina dawa yake, mwanangu."

Leo ni siku ya tisa. Mama amenawiri usoni, anataniana na majirani, anasema nimemponya. Sijaweza kumwambia.

Jana jioni aliniita kitandani.

"Nisugue miguu, mwanangu. Naona baridi."

Nilikaa nikaisugua. Nilisugua kwa nguvu zangu zote, mpaka viganja vyangu vikawaka moto. Mama akanitazama kwa upole.

"Haya, baba," akasema. "Utaanza saa ngapi?"