Mbegu ya Wening

"Kaka, hiyo ni batiki, si zulia la kufutia viatu!"

Danang alishtuka, akainua mguu. Soko la Beringharjo, kisiwani Java, lilifurika watu, naye fundi umeme, macho yake kwenye nyaya za dari, alikuwa amekanyaga kitambaa cha watu. Mwenye kitambaa aliitwa Wening. Alivaa blauzi ya kebaya ya kijani iliyomkaa vyema, na hasira zilimpendeza kuliko wengine wanavyopendeza wakicheka.

"Basi nakinunua, dada."

"Ni cha kike."

"Nitamtafuta wa kumvisha."

"Tafuta kwanza viatu safi!"

Wauzaji wa jirani waliangua kicheko. Kesho yake Danang alirudi, na viatu vimeng'arishwa. Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Nawe acha kunipigia ukiwa juu ya ngazi, utaniua kwa roho juu!"

Wening alipenda hadi akaogopa. Lilikuwepo jambo moja la kumwambia, na kila alipojaribu alibadili mazungumzo.

Kisha mama yake Danang akaja na mwanawe kuposa, na sinia za mikate ya mchele wa kunata, ili wawili hao nao wanatane. Kama ilivyo desturi ya Wajava, aliuliza kwa upole kuhusu mbegu ya ukoo: nani alikufa, na kwa ugonjwa gani.

"Mke wangu alikufa kwa homa," alijibu baba yake Wening. "Mwanangu mdogo, Tegar, alianguka mtini."

Ndivyo walivyowaambia watu miaka yote. Wening akawafikiria watoto ambao hawajazaliwa, akashindwa kunyamaza.

"Tegar hakuanguka, Baba. Ilikuwa saratani ya mfupa, naye alikuwa darasa la tatu. Mama pia ilikuwa saratani. Tulipimwa. Ni hitilafu ya jeni, inarithiwa, na mimi ninayo. Mwanangu anaweza kuzaliwa nayo."

Mama yake Danang alitabasamu. "Chai yenu tamu sana," alisema, akaaga bila kutaja tarehe. Kila mtu pale alielewa kwamba amekataa. Danang alimfuata mama yake nje bila kumtazama Wening.

Simu ikanyamaza. Wening alilia hadi macho yakavimba, akiamini amekimbiwa kwa ajili ya damu yake.

Danang alipotokea tena sokoni, alikuwa amekonda.

"Umefuata nini?" Wening aliuliza.

"Sikuikimbia damu yako. Iliniuma kuyasikia haya siku ya posa, pamoja na Mama, kama vile mimi ni mpita njia."

"Ningekwambia ungeniacha."

"Mama ndiye aliyekataa. Mimi nimekuja. Tuoane, tusizae."

"Wewe? Wewe unayesimama kumchekesha kila mtoto barabarani? Ukija kumtamani wako je?"

"Nitalia."

"Na utanichukia?"

"Sijui, mpenzi wangu."

Angeapa kwamba hatamchukia, Wening angemfukuza, akijua ni uongo. Kwa jibu lile alimshika mkono mbele ya wateja, akakubali kuolewa, na wote wawili wakasimama pale wakimlilia mtoto ambaye hawatamzaa.