Mshumaa Ulionukia Kondoo

Kila alfajiri, kabla jua la Kakuma halijaanza kuchoma, Nyadak alifagia ua wa nyumba yao kambini, akabeba mitungi miwili ya plastiki, akaenda kupanga foleni bombani. Njiani aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa. Majirani waliokuwa wameamka walimpungia mkono. Waliokuwa bado wamelala walimwomba Mungu ampe mtoto huyo kipaji kingine.

Nyadak alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia vita kusini mwa Sudan, wakapata makao kambini. Kila Jumamosi alivuka mto mkavu wa Tarach kwenda mjini kusoma katekisimu, akiwa pamoja na rafiki yake Akiru, msichana wa Kiturkana ambaye nyanya yake aliuza kuni kambini.

Katika Majilio ya mwaka huo wa 1996, Nyadak aliimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na alikuwa na sababu. Parokia ilikuwa imeamua kwamba kila mshumaa wa taji la Majilio utunzwe na jumuiya moja hadi Jumapili yake itakapofika, kisha mtoto kutoka jumuiya hiyo aubebe hadi altareni na kuuwasha. Mishumaa miwili ya kwanza, ya zambarau, ilikuwa imetunzwa na jumuiya za mjini, zile za walimu na wenye maduka. Wa tatu, ule wa rangi ya waridi unaowashwa Jumapili ya Furaha, ulipewa jumuiya ya kambini, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mama yake Nyadak. Hadi siku hiyo wakimbizi hawakuwa wamekabidhiwa chochote cha kanisa hilo isipokuwa ufagio. Mtoto aliyechaguliwa kuubeba mshumaa huo alikuwa Nyadak.

Katekista Odongo aliuleta mwenyewe, umefungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali ya kisu, na alizungumza kana kwamba kila sentensi yake ingechongwa kwenye jiwe.

"Binti," alisema, "mshumaa huu umetengenezwa na Sista Nyakio kule Lodwar. Umesafiri kwa basi. Ni mmoja tu. Katika maduka ya Kakuma utapata mishumaa myeupe. Wa waridi hutaupata hata ukifunga na kusali. Ufukie mchangani chini ya mtungi wa maji, na usiutoe kabla ya Jumapili. Jua la Turkana halijui liturujia."

"Ndiyo, Mwalimu," Nyadak akajibu, akaufukia mara moja.

Jumatatu alikaa karibu na mtungi akiulinda. Jumanne aliufukua kidogo, akautazama, akaufukia tena. Jumatano akaenda bombani, na huko mdomo wake ukamponza.

"Mshumaa wa waridi?" Achan, msichana waliyekaa naye jirani, alicheka hadi mtungi ukamdondoka. "Tangu lini mishumaa ikavaa nguo za harusi? Acha uongo!"

"Si uongo! Uko kwetu!"

"Na mimi kwetu tuna ng'ombe wa buluu. Yuko chini ya kitanda."

Wasichana wote wakaangua kicheko. Nyadak hakuweza kuvumilia. Alikimbia nyumbani, akaufukua mshumaa, akarudi nao mbio na kuusimamisha juu ya mtungi wake uliopinduliwa. Ulikuwa mzuri kweli, laini, wenye rangi ya ulimi wa mwanambuzi. Kicheko kikakoma.

"Haki ya Mungu," Achan alinong'ona. "Basi na ng'ombe wangu nitamtafuta."

Nyadak angeurudisha mshumaa wakati huo huo, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini mwanamke mmoja akajaribu kupenya mbele ya foleni, na foleni ya bomba la Kakuma hailipuuzi jambo kama hilo. Watu walipiga kelele kwa Kinuer, kwa Kidinka, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba. Nyadak alikuwa na sauti, kama tulivyokwisha kuona, naye akaitumia yote. Ugomvi ulipotulia na yule mwanamke kurudi nyuma ya foleni, jua lilikuwa limepanda utosini.

Mshumaa nao ulikuwa umefuata ibada yake. Kwanza uliinamisha kichwa, kisha ukapiga magoti, na Nyadak alipoufikia ulikuwa umesujudu kabisa. Nta ya waridi ilitiririka kwenye ubavu wa mtungi hadi chini, ikachanganyika na mchanga na kinyesi cha mbuzi.

"Umesali kuliko sisi sote," alisema Achan. Safari hii hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo Nyadak alikusudia kumwambia mama yake. Alifungua kinywa mara kadhaa. Lakini mama yake alikuwa amewaalika wanawake wa jumuiya, akawa anawaambia, "Jumapili mtamwona mwanangu. Watu wa mjini watajua kwamba ukimpa mkimbizi kitu cha thamani, anakitunza." Nyadak alifunga kinywa. Usiku ule hakuimba, na jirani mmoja alikuja kuuliza kama mtoto ni mgonjwa.

Kesho yake Akiru alikuja na nyanya yake kuuza kuni. Nyadak alimvuta rafiki yake kando, akamsimulia yote.

"Mwambie mama yako," alisema Akiru.

"Atanimaliza!"

"Atakumaliza, ndiyo. Lakini atakumaliza mara moja tu, na jioni utapewa chakula."

Nyadak hakusikiliza. Alikuwa anamtazama nyanya yake Akiru, aliyeketi kivulini huku shanga zimemjaa shingoni na ngozi yake iking'aa kwa rangi nyekundu.

"Nyanya yako hujipaka nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo na udongo mwekundu. Kwa nini?"

Alimwendea nyanya, akamsalimu kwa adabu. "Ejok, nyanya."

"Ejok, mtoto yangu."

"Naomba mafuta yako kidogo."

Nyanya alitabasamu. "Wewe nataka kupaka ngozi?"

Nyadak alinyamaza, akijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Nyanya alifungua kibuyu chake na kumchotea mafuta tele. "Vizuri! Ngozi yako kauka kama mjusi. Paka, mtoto, paka!"

Nyumbani Nyadak alichukua mshumaa mweupe ambao mama yake aliuweka kwa ajili ya usiku ambao mafuta ya taa yamekwisha. Aliyachanganya mafuta ya nyanya na majivu kidogo ili wekundu wake upungue, akaupaka mshumaa, akaungoja ukauke, akaupaka tena na tena. Mwishowe ulikuwa wa waridi, au karibu na waridi, hasa kwa mtu aliyesimama mbali na asiye na macho mazuri.

Jumapili ya Furaha ilifika. Kanisa lilijaa hadi watoto wakakaa chini mbele ya altare. Padri Ekai, paroko wao na mzaliwa wa Lodwar, ndiye aliyeadhimisha Misa hiyo. Katika benchi la kwanza aliketi nyanya yake Akiru. Alikuwa mkatekumeni, na ilikuwa imepangwa abatizwe mkesha wa Krismasi. Kwa miezi mingi aliketi nje, karibu na mlango, akihofu kwamba watu wa mjini hawangependa ngozi na mafuta yake. Jumapili hiyo, baada ya kubembelezwa sana na Padri, alikubali kwa mara ya kwanza kuketi mbele.

Nyadak alitembea polepole katikati ya kanisa, mshumaa mikononi. Mama yake, upande wa wanawake, alikuwa tayari anafuta machozi. Nyadak aliusimamisha kwenye taji, akauwasha pamoja na ile miwili ya zambarau, akarudi mahali pake. Mshumaa uliwaka vizuri. Alianza kupumua.

Katika somo la kwanza, mshumaa ulilia *tsss*. Katika zaburi, ulitema cheche. Kabla somo la pili halijaisha, harufu nzito, tamu, isiyo na shaka yoyote, ilikuwa imelijaza kanisa. Ilikuwa harufu ya kondoo anayechomwa.

Watu wengi walikuwa hawajala tangu jana yake. Kwaya ilianza Aleluya, na kila mtu alisikia waimbaji wa sauti ya tatu wakimeza mate. Mzee mmoja aliyekuwa anasinzia aliamka na kuuliza kwa sauti, "Tayari imeiva?" Kisha mbwa mwembamba wa bawabu aliingia kwa mlango mkuu, akapita katikati ya kanisa kwa heshima kubwa kuliko ya watumikiaji, akaketi mbele ya taji la Majilio na kulitazama kwa imani.

Padri alisoma Injili huku mabega yakimtikisika kidogo. Ilikuwa ile habari ya Yohane Mbatizaji, jinsi watu walivyotumwa kumuuliza yeye ni nani, naye akakiri wazi, wala hakukana, kwamba hakuwa yeye mwanga, bali alikuja kuushuhudia mwanga. Nyadak alihisi kana kwamba Yohane amemgeukia na kumwangalia.

Watu walipoketi, Katekista Odongo alinyanyuka. Alinusa kushoto, akanusa kulia, kisha akamwendea nyanya yake Akiru na kuinama.

"Mama," alisema kwa sauti ambayo yeye aliidhania ya chini, "samahani sana. Harufu ya mafuta yako inawasumbua waumini. Tafadhali rudi pale mlangoni."

Nyanya alimtazama Odongo, kisha akaitazama mikono yake iliyong'aa. Hakubisha. Alikusanya shuka yake na kuanza kusimama, polepole, kama mtu ambaye tangu mwanzo alijua kwamba jambo hili litatokea.

Nyadak aliona kwamba kama nyanya angefika mlangoni siku hiyo, asingerudi mbele tena, na pengine asingekuja hata kubatizwa Krismasi. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa fahari. Kisha akasimama.

"Si nyanya!" alisema. Sauti yake, ambayo haikuwahi kuwa ndogo, ilifika hadi kwa mbwa. "Ni mshumaa! Ule wa Sista niliuyeyusha bombani kwa kujionyesha. Huu ni mweupe. Niliupaka mafuta ya nyanya, na yeye alidhani nataka kujipaka mimi."

Mama yake aliinama na kujifunika uso kwa leso. Nyadak aliona hilo, likamuuma, lakini hakuketi. Katekista Odongo alifungua kinywa, na pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kikafunguka bila sentensi.

Aliyezungumza wa kwanza ni nyanya mwenyewe. "Mafuta yangu?" alisema. "Unachoma mafuta yangu? Mtoto huyu! Hiyo ya kupaka ngozi, si ya kupika kanisa!" Akaanza kucheka, akacheka hadi shanga zikalia shingoni, na kanisa lote likacheka pamoja naye.

Padri Ekai alishuka altareni, akamshika nyanya mkono na kumketisha tena katika benchi la kwanza. Kisha akamtazama katekista.

"Mwalimu Odongo, mimi nililelewa kwa harufu hiyo. Mama yangu alinukia hivyo aliponileta kubatizwa."

Odongo alitazama viatu vyake. Halafu akamgeukia nyanya, akainamisha kichwa mbele ya watu wote. "Nisamehe, mama. Nilinusa kabla ya kuuliza."

"Nimesamehe," nyanya akasema. "Sasa keti. Wewe mrefu, mimi sioni Padri."

Kicheko kilipotulia, Padri alimwita Nyadak mbele. "Mwanangu, ungekuja kwangu siku ile ile ukasema, 'Padri, mshumaa umeyeyuka,' ningefanya nini?"

"Ungekasirika, Padri."

"Kwa muda wa kunywa chai. Kisha tungewasha mweupe, na Jumapili ya Furaha ingekuwa ya furaha vilevile." Akawageukia watu. "Watoto, na nyinyi wakubwa pia, sikilizeni. Kosa la kwanza la Nyadak lilikuwa dogo, na jua lilimsaidia kulifanya. La pili lilikuwa kulipaka rangi. Kosa lililopakwa rangi halikai mahali pake. Siku moja litanuka, na harufu yake humwangukia mtu asiye na hatia. Leo Nyadak amekiri mbele ya kanisa zima, ingawa angeweza kunyamaza. Huko ndiko kumnyooshea Bwana njia, kama alivyohubiri Yohane. Tena, kwa kusema ukweli huo, jumuiya ya kambini imetutunzia kitu kilicho bora kuliko mshumaa."

Mama yake Nyadak alishusha leso kutoka usoni. Macho yake yalisema kwamba nyumbani kungekuwa na mazungumzo marefu, lakini alikuwa ameketi wima.

Mazungumzo yalikuwa marefu kweli. Nyadak alipangiwa kufagia kanisa kila Jumamosi hadi Pasaka, na kumchotea maji nyanya yake Akiru kila alipokuja kambini. Na kama Akiru alivyotabiri, jioni alipewa chakula.

Mkesha wa Krismasi nyanya alibatizwa, tena akiwa amepakaa vizuri, anang'aa kuliko watu wote. Padri alipompaka mafuta matakatifu ya krisma kwenye paji la uso, nyanya alimnong'oneza Nyadak, aliyesimama karibu naye, "Kumbe na nyinyi mnapaka!" Kisha ukafika wakati wa kupokea mwanga. Nyadak ndiye aliyechaguliwa kumkabidhi nyanya mshumaa wake wa ubatizo, mweupe, usio na doa.

Nyanya aliunyooshea mkono. Kabla ya kuupokea, aliunusa.