Waya wa Klachi Nilioukaza Mwenyewe

Mbele ya kaburi la binti yangu nilimnyooshea kidole binamu yangu nikamwita muuaji. Watu wote waliniamini. Na mwenye kosa nilikuwa mimi...

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mkulima wa mahindi hapa Kasekese, Mpanda. Haya yalinikuta miaka minne iliyopita.

Marehemu baba aliniachia pikipiki aliyoinunua kabla sijazaliwa. Ugonjwa wa pikipiki hiyo ulikuwa klachi. Ukipanda mlima, injini inapiga kelele lakini gurudumu halina nguvu. Fundi wangu alikuwa Deusi, mtoto wa shangazi yangu. Alihangaika mpaka akapata pleti mpya za klachi, vile visahani vinavyobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, akazifunga mbele yangu.

Alipomaliza, mkono wa klachi ulikuwa unacheza kidogo kabla ya kushika. Nikamuuliza kwa nini ameuacha umelegea.

"Uache hivyo hivyo, binamu. Mbona na wewe umelegea na mkeo anakuvumilia?"

Waliokuwepo walicheka. Kwetu mabinamu ni watani. Binamu akikutukana hukasiriki, na akikuonya... unadhani bado anatania! Nilimjibu kuwa yeye pikipiki anajua kuzisukuma tu. Alirudia mara mbili kuniambia nisiuguse ule waya wa klachi. Nikazidi kucheka.

Nilipofika nyumbani nilichukua spana, nikaukaza waya mpaka mkono ukawa mgumu. Nikajiona fundi kuliko fundi!

Wiki mbili baadaye binti yetu Neema, mwenye miaka minne, alipatwa na homa. Asubuhi ya pili akaingiwa na degedege. Zahanati wakatuambia tumkimbize hospitali, Mpanda mjini. Mke wangu Yustina alipanda nyuma akiwa amemkumbatia mtoto.

Katikati ya safari klachi ikaanza kuteleza. Nilisimama nikakagua. Mafuta yapo, mnyororo uko sawa, waya haujakatika. Nikajiambia, kumbe waya bado umelegea... nikaukaza tena! Hatukumaliza mlima uliofuata. Harufu ya kuungua ilipanda, injini ikalia, gurudumu likasimama.

Tukaiacha pale, tukaenda kwa miguu. Tulipokezana kumbeba. Hakuna gari lililopita. Neema alikata roho mikononi mwa mama yake kabla hatujaliona bati la kwanza la mjini...

Unajua uchungu unavyotafuta mtu wa kumbebesha? Wangu ulimpata Deusi. Makaburini nilisema ametufungia pleti chakavu alizozing'arisha, ili zile mpya aziuze. Yustina akaanguka chini akilia kwamba mwanawe ameuawa na ndugu.

Deusi hakubishana. Alisema neno moja tu, taratibu: "Ifungue klachi, binamu, uangalie."

Sikuifungua. Ukoo ulimkatalia kukaa matanga pamoja nasi. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Kabla ya mvua alihamia kijiji cha Mamba na mkewe, bila mtu wa kumsindikiza.

Miezi mitano baadaye nilimpelekea fundi mwingine pikipiki ile, nikitaka kuiuza. Akafungua klachi. Pleti zilikuwa mpya, ila zimeungua zikawa nyeusi. Akaniuliza nani aliukaza waya namna ile. Alinieleza kuwa mkono wa klachi usipoachiwa nafasi, pleti hazibanani sawasawa. Zinasuguana mpaka zinaungua. Kila nilipoukaza, ndivyo nilivyokuwa naziua!

Nilimjibu kuwa sijui.

Hivyo ndivyo nilivyosema, ndugu zangu. Sijui! Nikarudi nyumbani, nikala ugali, nikanyamaza. Mwezi ukapita, mwaka ukapita... Kosa la spana lilikuwa la ujinga. Lakini kunyamaza? Huo ulikuwa uovu, na niliufanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nawasihi nyie mnaosoma, msidharau neno la mtu kwa sababu tu amelisema huku anacheka. Na mkiwa na msiba, msimtaje mtu kabla hamjafungua na kuangalia. Mkishakosea, semeni siku hiyo hiyo. Kila siku unayoiacha ipite inaongeza uzito, mpaka mdomo unashindwa kufunguka.

Wiki iliyopita mfanyabiashara wa mchele kutoka Mamba alituletea ujumbe wa Deusi. Anaomba ruhusa aje aweke jiwe kwenye kaburi la Neema. Yustina amesema akikanyaga hapa atampokea na panga. Mfanyabiashara anarudi Mamba keshokutwa na anasubiri jibu langu. Mpaka ninapoandika haya, mke wangu hajui kuwa pleti zile niliziunguza mimi.