Jeneza Tupu Halisalimii

Mnisamehe, hadithi hii nitaivuruga. Ni ya rafiki yangu Gwilherm, seremala wa kwetu Bretani, na angeisimulia vizuri yeye kama angekubali kuigusa.

Asubuhi hiyo alikuwa akimpelekea jeneza jipya, kwa mkokoteni wa farasi, Maharid, aliyefiwa na mumewe. Padri angefika saa sita, na ukungu ulikuwa mzito hata masikio ya farasi hayakuonekana. Kabla hajaondoka, mama yake Gwilherm alimkumbusha, "Ukifika kwenye ule msalaba wa mawe wa kale, ligonge jeneza mara tatu kwenye jiwe la chini. Kila jeneza husalimia hivyo likipita."

"Lenye maiti, mama! Tupu lisalimie nini? Hata mimi nikiwa na tumbo tupu sisalimii mtu."

Msalabani farasi akagoma. Magurudumu yakanyamaza, kwato zikanyamaza. Ndipo nyuma yake, ndani ya mbao, pakagongwa: ko. Ko. Ko.

Akafungua kifuniko. Maranda tu.

"Kama ni lifti unataka," akafoka, "njoo ukae mbele kama watu!" Akamchapa farasi, akapita bila kugonga, akipiga mluzi.

Alifika mapema. Wanaume wanne tukashika jeneza, halikuinuka.

"Fundi," Maharid akauliza, "mume wangu yuko kitandani. Humu umemleta nani?"

"Ni tupu! Inueni, nyie wavivu!"

Tukainua kwa nguvu zote. Kona ya kwanza kuponyoka ilikuwa yangu. Jeneza likadondoka, na ndani yake mtu akaguna. Kwa hiyo msimlaumu Gwilherm. Aliyemuumiza ni mimi.