Rangi Chini ya Skrubu

Kila siku baada ya shule, Sindano alivua sare, akala haraka, kisha akaenda kwenye gereji ya shangazi yake, fundi umeme wa magari. Shangazi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu mikono yake myembamba ilipenya pale ambapo ya watu wazima ilikwama.

Jioni hiyo walikuwa na gari la daktari wa meno. Lilikuwa nyumba kamili, lenye kitanda, jiko na sinki. Nyuma lilivuta tela la mitambo ya kutibia meno, maana daktari huyo aliwafuata wagonjwa vijijini. Tela lilikuwa na breki za umeme, lakini kifaa cha kuziamuru kilikuwa kimeungua. Shangazi alikuwa akifunga kipya karibu na usukani.

"Mweusi unaleta umeme wa betri," alieleza akishika waya mmoja mmoja. "Mwekundu unatoka kwenye swichi ya breki, wa buluu unakwenda kwenye tela. Huu mweupe kaufunge kwenye chuma, kule ndani. Lakini kwangua rangi kwanza. Rangi na umeme haviivi chungu kimoja."

Sindano akajipenyeza chini ya dashibodi. Nje, wenzake walikuwa wakimpigia mluzi. Mechi ya mpira wa pete ilikuwa inaanza. Akautazama msasa, akaitazama ile rangi nene. Akauweka msasa chini na kukaza skrubu juu ya rangi.

"Umekwangua?" shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akakanyaga breki. Taa ya kifaa ikawaka. "Safi, mwanangu. Nenda kacheze."

Uwanjani, mpira ulimponyoka Sindano kila aliporushiwa. Macho yake yalikuwa kwenye barabara ya mlimani, ile ambayo daktari angeishuka.

"Una nini wewe? Mikono imepakwa mafuta?" mwenzake akamtania.

Sindano alikuwa ameshatimua mbio.

Alilikuta gari likitoka getini huku shangazi akimpungia daktari mkono. Sindano akasimama mbele ya gari na kunyoosha mikono. "Daktari, usiondoke! Shangazi, sikukwangua rangi. Nilikudanganya."

Shangazi akafungua mlango wa dereva. Kisha akaingiza bisibisi chini ya dashibodi, akautikisa waya mweupe. Taa ikapepesa, ikazimika.

Daktari akavua miwani. "Kumbe ningeshuka mlima huku tela linanisukuma mgongoni!"

Shangazi akampa Sindano msasa. "Ingia."

Sindano alikwangua mpaka chuma kikang'aa. Walipojaribu tena uani, breki za tela peke yake zililisimamisha gari lile kubwa, na waya ulipotikiswa, taa haikupepesa.

"Mimi nikiziba jino bila kutoa uozo, mgonjwa ataondoka akicheka," daktari akasema. "Atakapoanza kulia, mimi nitakuwa mbali."

Shangazi akamgeukia Sindano. "Kazi ya kulipua ilimdanganya daktari, ikanidanganya hata mimi. Mteremko haudanganyiki. Umekosa kwa mkono, kisha kwa mdomo, na mdomo ndio ulioniumiza zaidi. Lakini umerudi kabla mtu hajaumia. Siku nyingine ukikosea, maana utakosea tu, kama mimi ninavyokosea, rudi mbio hivihivi."